Mstari Usioitikiwa

Tallow Bend, Mississippi
9 Machi 1997

Rodell,

Huna haya. Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa, na mimi nimenyamaza nikidhani labda umevunjika mguu. Kumbe miguu unayo, tena inatembea kwenye sinema. Nyasi juu ya kaburi la mama yako Earlene zinanifika magotini na nazikata mwenyewe. Chicago si mwezini. Treni inapita, mtu analala, anaamka, amefika. Hata yule mtoto wa jirani Pinkie huja kila Krismasi, na yule hajui Krismasi ni lini mpaka aambiwe.

Siandiki kwa kuwa napenda kuandika. Shule sikuiona hata paa lake, nilichokiona mimi ni pamba. Herufi zangu zinaegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Lakini kwenye simu wewe unaniitikia "ndiyo, Bimkubwa, ndiyo, Bimkubwa," huku nasikia unatafuna. Barua huwezi kuitafuna.

Sasa sikiliza. Jumamosi nilikuwa kwa Willodean, ananinyoosha nywele kwa kitana cha moto, akasema, "Mama Zepora, mpwa wangu kaja na kanda ya video kutoka Chicago. Ni sinema ya Rodell wako." Nikasema iwekwe. Tulikuwa wanawake sita mle, mmoja kichwa kimejaa povu. Nikakuona unatembea kwenye theluji bila kofia, kama mtu asiye na kwao. Ngoma inapiga. Unafokafoka maneno yako kuhusu weusi na kaskazini na damu. Mengine niliyapata, mengine yalinipita mbio. Yule msichana mwenye sauti nzito anaimba vizuri, mwambie nimesema. Halafu nikasikia mwanamke anatoa mstari wa wimbo wa kanisani, ule utoaji wa zamani. Nikasema, eh, huyu mama anaijua kazi. Kumbe ni mimi.

Ni mimi kwenye mkutano wa uamsho, ile Agosti uliyokuja na kinasa sauti ukakiweka juu ya piano. Natoa mstari, kimya. Natoa wa pili, kimya. Wewe unaikanyaga theluji tu. Nikatoa wa tatu, kimya, na sinema ikaisha.

Willodean aliacha kitana hewani. Yule wa povu ndiye aliyeninong'oneza: "Mama Zepora, kwani uliwakosea nini?"

Watu wangu umewapeleka wapi, Rodell? Siku ile kanisa lilijaa mpaka wengine wakaimbia madirishani. Nitumie kaseti yote kama ulivyoinasa. Sitaki ya sinema, nataka ile ya kanisani.

Huku hatujambo. Kanisa lipo. Shemasi Bledsoe anakusalimu.

Bibi yako,
Zepora Gatlin


Chicago
23 Machi 1997

Bimkubwa mpendwa,

Nisamehe. Nilijua utakasirika, na Junius alinionya. (Junius ndiye anayetupigia ngoma. Lavonne ndiye mwenye sauti nzito, na picha zote kazipiga yeye. Salamu zako alizipokea akacheka, kisha akaenda msalani na akakaa huko muda mrefu.) Ilinipasa nikuombe kwanza kabla sijauchukua wimbo wa Bwana na kuuwekea ngoma za klabu. Sikuwa na adabu.

Lakini naomba unielewe kidogo. Sisi wa huku tunaishi juu ya saruji. Ukituuliza weusi wetu umetoka wapi, tunakuonyesha basi linakoishia. Kwa hiyo tunatafuta. Tunachukua santuri za muziki wa soul za mama zetu, tunakata kipande hapa na kipande pale, tunaviunga, tunafoka juu yake. Sauti yako ndiyo ya zamani kuliko zote nilizo nazo. Nilipoiweka peke yake juu ya ile theluji, bila ngoma, watu ukumbini walilia. Mwalimu mmoja wa mambo ya sinema alisimama akasema huo ndio upweke wa mtu mweusi wa Amerika katika koo moja. Koo lako, Bimkubwa!

Tumealikwa kuionyesha New York mwezi wa Juni. Kuna kampuni ya muziki inautaka ule wimbo, na wanasema kinachowashika ni kwamba sauti yako iko peke yake.

Kaseti yenyewe haipo tena. Mashine iliila, utepe ukajisokota nikautupa. Vilivyobaki ni vile vipande vyako tu.

Nitakuja, studio ikituachia. Msalimie Shemasi Bledsoe, mwambie bado nakumbuka peremende zake.

Mjukuu wako,
Rodell


Tallow Bend
13 Aprili 1997

Rodell,

Nani kakuambia nimechukia ngoma? Kabla sijaokoka nilicheza kwenye kilabu cha kule mtoni mpaka soli ya kiatu ikabaki sakafuni. Babu yako hakunikuta kwenye maombi, kijana. Ngoma ya huyo Junius ni nzuri, ila anaiharakisha kama mtu anayedaiwa kodi.

Hukunielewa hata neno moja, na kosa ni langu na la mama yako, tuliokuacha ukue unatazama tu. Basi nikueleze, japo nakueleza jambo ambalo mtoto wa kwetu hulijua kabla hajaota jino.

Mstari hautolewi ili usikilizwe. Unatolewa uitikiwe. Mimi nautupa haraka, kama nawakumbusha maneno, halafu kanisa linaupokea, linauvuta, linauzungusha, kila mtu na njia yake, mpaka ubao wa sakafu uutambue. Mtu akipiga hodi, aliye ndani hujibu hata kama hamtaki mgeni. Ndivyo ilivyo.

Na kulikuwa na adhabu. Tuliiita kumwachia mtu mstari wake. Shemasi mmoja, simtaji maana wajukuu wake wapo, alimvunja mkewe taya. Polisi wa enzi zile wangecheka tu, mweusi kampiga mweusi. Jumapili akasimama kwa suti yake, akatoa mstari. Kanisa zima likafunga mdomo. Akatoa tena. Hata watoto wachanga walijua wasilie. Mpaka leo nawasikia nzi wa siku ile. Akaketi. Mwezi haukwisha akahamia Arkansas, na mkewe akabaki na nyumba.

Sasa umenielewa? Ukumbi wako mzima wa Chicago ulilia kwa utamu, lakini kwa Willodean tuliona nimeachiwa mstari wangu. Mara tatu. Wale wanawake wamenijua tangu ujana wangu, na wakaanza kunitazama upya, wanajiuliza Zepora alifanya nini ambacho sisi hatukuambiwa. Huyo mwalimu wako mwambie upweke anaousema hakuupata kwangu. Mimi nyuma yangu nilikuwa na watu. Mliwatoa nyie.

Jambo la pili, nalisema mara moja. Kaseti haikuliwa na mashine.

Mama yako, tangu akiwa mdogo, alikuwa anaingia kabla ya wenzake. Neno langu la mwisho halijatoka mdomoni, Earlene keshaingia. Nilimfinya. Bledsoe alimkaripia. Wapi! Alikufa mtu mzima akiwahi. Wewe umekata pale neno langu lilipoishia, ukadhani umemaliza kazi. Lakini yeye alikuwa ameshaingia. Mstari wa pili, mwisho kabisa, chini ya sauti yangu, kuna mtu anavuta pumzi na kufungua kinywa. Nilimwambia mpwa wa Willodean arudishe. Akarudisha. Nikamwambia tena. Na tena. Willodean akaweka chini kitana chake akaja kunishika bega, alidhani akili inanitoka.

Yule ni mwanangu. Nilimsikia akija, mkamfungia mlango.

Uliyemkata unamjua. Sikugombezi kwa hilo. Lakini usinidanganye, hakuna anayetupa sauti ya mama yake. Ile kaseti ninaihitaji kuliko New York inavyoihitaji.

Bibi yako,
Zepora


Chicago
27 Aprili 1997

Bimkubwa,

Ipo. Iko kwenye droo ya soksi.

Niliiweka mara moja tu, wiki ile niliyorudi kutoka mazishini. Akaingia mapema, kama ulivyosema. Nikazima. Baadaye nilipotaka sauti yako kwa ajili ya sinema nilikata bila kusikiliza. Mashine inaonyesha sauti kama vilima, nikawa natazama vilima vyako na kukata palipo na bonde. Sauti niliifunga kabisa. Sikujua kwamba alibaki kidogo. Sasa siwezi kuitazama sinema yangu mwenyewe.

Kwa posta siitumi, ikipotea nimemzika mara mbili. Nitaileta mwenyewe Siku ya Mama. Safari hii nakuja kweli.

Rodell


Tallow Bend
18 Mei 1997

Rodell,

Siku ya Mama imepita. Nilikuchumia ua jeupe. Najua huko kaskazini mmeacha, lakini huku mwenye mama hai bado anavaa jekundu na aliyefiwa anavaa jeupe. Langu nililivaa. Lako nililiweka kwenye kikombe cha maji, nikawa nachungulia barabara. Nilipika shingo ya nguruwe, maharage, mkate wa mahindi, bamia. Jumatatu nikampa mbwa wa Willodean, akanona.

Nimefikiria nikutukane, nimeona nguvu hiyo niitumie kukuambia ukweli, maana mwongo hakuwa wewe peke yako.

Nilikuandikia Shemasi Bledsoe anakusalimu. Shemasi Bledsoe tulimzika Februari. Nilikuandikia kanisa lipo. Lipo, maana mbao zake zipo. Mchungaji ana makanisa manne, kwetu anafika Jumapili ya kwanza, anahubiri ameikodolea macho saa. Jumapili nyingine mlango naufungua mimi. Mwanzo tulikuwa wachache, kisha watatu, kisha mimi na Bledsoe. Willodean anakwenda kule mjini kwenye kanisa lenye viyoyozi na kwaya yenye majoho. Simlaumu. Kule wanasoma maneno ukutani, hakuna anayetoa mstari wala anayejua ulikuwa unatolewa.

Nafagia viota vya nyigu. Nakaa pale pangu. Wakati ukifika nasimama, natoa mstari. Halafu nasubiri. Nasubiri nini, sijui, mbona naona viti vitupu. Halafu naitikia mwenyewe. Lakini kazi hiyo haikuumbiwa mtu mmoja. Ukimaliza kuita, pumzi imekwisha, na kuitikia kunahitaji pumzi. Sauti inakatika njiani. Nakaa chini. Nafunga mlango. Nyumbani nakaanga yai.

Hilo ndilo lililonichoma kwa Willodean. Nilikuandikia kana kwamba sinema imenisingizia. Haikunisingizia, mwanangu. Ilinianika. Wewe ulikuwa hujui, ukapiga shabaha gizani, ukanipata.

Mimi hofu yangu si kufa. Nimezika wengi, nimeona jinsi inavyokwenda. Hofu yangu ni kwamba nitatoa mstari Jumapili moja na utakuwa ndio wa mwisho kutolewa hapa, na hakuna hata mmoja atakayejua kwamba umekwisha. Nilitaka nimsikie Earlene akiniitikia, angalau kwenye kaseti, nijue ilikuwa kweli, kwamba sikuota. Ndiyo shida yangu yote. Sina nyingine. Goti linaloniuma ni goti tu.

Zepora


Chicago
29 Juni 1997

Bimkubwa,

Siku ya Mama nilifika stesheni. Nilikata tiketi, nikakaa na kaseti mfukoni, treni ikaita watu, sikuinuka. Sina la kujitetea. Niliona nikija nitakuta kiti cha mama na nitakuta wewe unanitazama nikikitazama.

Barua yako niliisoma nikaikunja nikaenda nayo New York.

Sinema waliionyesha kama ilivyokuwa, sikuwa na ujasiri wa kuigusa. Ukumbi umejaa, wengi ni watu wa sinema, wamevaa nyeusi kana kwamba kuna msiba. Ikafika sauti yako. Ukatoa mstari wa kwanza. Kimya, kama kawaida. Ukatoa wa pili. Na kutoka nyuma kabisa kule gizani, mama mmoja akaitikia.

Bimkubwa, aliitikia kwa sauti! Watu waligeuka, mmoja akamwambia "shii." Yule mama akamwambia, "Shii mwenyewe, humsikii mwenzako anaita?" Akaendelea. Kisha mwingine upande wa kushoto, mzee mwanamume, akaupokea kwa chini. Mstari wa tatu walikuwa wanne au watano, hawajuani, kila mmoja na njia yake, na filamu ikaisha wao hawajamaliza, wakauvuta juu ya skrini nyeupe mpaka walipotosheka. Lavonne alikuwa ameniuma bega bila kujijua.

Baadaye yule mama alinifuata koridoni. Mfupi, kofia ya zambarau, lafudhi yake ya Alabama. Akanichapa mkono. "Wewe ndiye mwenye sinema? Yule bibi ni nani yako?" Nikasema ni bibi yangu. Akasema, "Na wewe ulikuwa wapi, ukamwacha anahangaika peke yake mbele za watu?"

Niliporudi Chicago nilitoa kaseti kwenye droo, nikawaita Junius na Lavonne ili nisiweze kuizima. Tukaisikiliza yote. Nimemsikia. Anawahi mno, Bimkubwa! Tulicheka, kisha nikaacha kucheka. Watu wote wapo, na Shemasi Bledsoe yupo, anakohoa kati ya mistari.

Kwenye sinema nimewarudisha watu wako. Kampuni imesema sasa ni kama kanisa, ule upweke umeondoka, hawauhitaji tena wimbo. Nikawaambia ndiyo, umeondoka.

Lakini tulipojaribu kukuitikia sisi watatu pale studio, ilikuwa aibu. Tunaingia pamoja kama askari. Junius anahesabu, Lavonne anapamba, mimi sina hata pa kuanzia. Ndipo nikagundua kitu. Nimelijua kanisa lile tangu naanza kutembea, na sijawahi kuitikia hata mara moja. Kwanza nilikuwa mtoto, nalala mapajani. Halafu nilikuwa nashika kinasa sauti.

Mtu anajuaje wakati wa kuingia? Nikija nitasimama pale nikuharibie.

Rodell


Tallow Bend
6 Julai 1997

Rodell,

Barua yako nimeisoma mezani, nikaisoma tena kibarazani. Huyo mama wa Alabama nimemwombea kwa kofia yake, maana jina hukumwuliza. Ulifunzwa na nani? Mtu anamwitikia bibi yako mbele ya kadamnasi, nawe humwulizi jina!

Kampuni ya muziki iache iende. Wakitaka upweke, wapo wenye nao, watauza.

Unauliza mtu anajuaje wakati wa kuingia. Hajui. Hakuna aliyewahi kujua. Unamsikia aliye pembeni yako, naye anakusikia wewe, mnasukumana hivyo hivyo mpaka mwisho. Huko kukosana ndiko kunakofanya liwe kanisa na si redio. Wanaoingia pamoja ni wale wa mjini wenye majoho. Huyo Junius mwambie aache vidole vyake nyumbani. Huyo Lavonne asipambe, hakuna harusi.

Ungeniharibia nini, mtoto wewe? Mimi nimebaki na nini cha kuharibiwa?

Mkutano wa uamsho mwaka huu hakuna, hakuna wa kuuandaa. Basi nimeuandaa mimi. Jumapili ya pili ya Agosti. Nimemwambia Willodean kwamba anakuja, sikumwuliza. Amesema na yule wa povu atakuja pia, kumbe tangu siku ile hajalala vizuri.

Basi shika haya. Njooni Jumamosi mchana, wote watatu, mna vitanda. Kaseti utaniwekea jikoni, utafunga mlango, utakaa nje na wenzako mpaka nifungue mwenyewe. Nikitoka usiniulize kitu, nipe maji. Asubuhi yake tutakwenda kanisani kwa miguu. Hutakaa nyuma, hutashika mashine yoyote, na usinipe uso wa msiba. Nitasimama, nitatoa mstari, nawe fungua kinywa. Ukikosea, kosea kwa sauti, nikusikie.

Bibi yako,
Zepora